Mlango wa Kufungukia Nje

Jumatatu, saa moja unusu, Barabara ya Lunga Lunga.
Mlinzi amenipekua mfuko: grinda, kilo mbili za vijiti,
miwani ya kioo cheusi,
chapati moja ndani ya gazeti.
"Wewe ndiye wa milango?"
Mimi ndiye wa milango.

Kiwanda ni cha mablanketi. Vumbi la nyuzi limelala juu ya taa
kama unga pembeni mwa jiwe la kusagia.
Sheria imetoka, wanasema. Alikuja mkaguzi, Bi Chemutai,
mfupi, viatu vina tope la Mukuru,
akapima kwa tepu, akausukuma mlango kwa bega,
haukwenda,
akaandika neno moja kwenye fomu.
Neno gani, sijui. Limenipa kazi ya siku sita:
ng'oa bawaba, geuza fremu,
uliofungukia ndani ufungukie nje,
komeo la nje likatwe.

Hapo nikasimama kidogo.

Komeo lile nalijua.
Mwaka niliotoka Mutomo na shati moja
na barua ya mjomba kwa mtu aliyekwisha kuhama,
nilibeba marobota humu humu, shifti ya usiku.
Saa mbili msimamizi alitia kufuli kwa nje
tusiibe nyuzi, akaenda zake na ufunguo, kulewa.
Ndani tulibaki mia na ushei:
Kwamboka wa Nyamarambe,
Nsimire aliyevuka mipaka miwili kutoka Bukavu,
Dhahabo wa Moyale, aliyehesabu marobota yake kwa Kiborana
ili asipunjwe.
Lugha tisa, choo kimoja.
Usiku stima ilipopiga shoti kwenye mashine ya saba
tulipata lugha ya kumi, yenye neno moja:
fungua.

Hakufa mtu. Nalisema mapema,
maana watu husubiri wafu ndipo watege sikio.
Moshi ulichoka wenyewe.
Lakini Kwamboka alilipiga bati kwa nondo
mpaka likabonyea mahali pane,
na rangi iliyopakwa mara tatu tangu siku ile
haikuyajaza yale mashimo.
Leo nimeyapitia kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne.
Kisha nikavaa miwani.

Saa saba vijana wa mashine wakatoka kula.
Mmoja akausukuma mlango, akatoka, akarudi,
akatoka tena,
kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.
Hakuna aliyemwambia habari ya usiku ule. Nami sikumwambia.
Nilimwomba tu anishikie fremu.

Jioni nikavuka mto, nikakata Mukuru kwa Njenga
mpaka Pipeline, ghorofa ya tano,
ambako jua hufika chini saa sita, likachungulia, likaondoka.
Lango la ploti hufungwa saa tano usiku;
ufunguo analala nao keretaka.
Dirishani kuna grili.
Vyumba themanini na vinne, grili themanini na nne,
zote mkono wangu: nilizichomea
nikasamehewa kodi ya miezi miwili,
nikajiona mjanja.

Wezi wapo, sikatai. Kwa Wafula walibeba jiko
likiwa na moto wake.
Lakini Syombua, akimfunika mtoto,
ameniuliza bila kugeuka:
"Na huku Bi Chemutai anakuja lini?"

Mfukoni zilibaki bawaba mbili.
Stima ya ploti haiwezi kuibeba mashine yangu,
kwa hiyo nimetoa msumeno wa mkono,
nimepaka mafuta ya kula kwenye chuma kisilie,
nakata polepole, pumzi kwa pumzi.
Kinalia hata hivyo.

Juu, ghorofa ya sita,
mtu amegonga sakafu yake mara mbili.
Sijui ananinyamazisha
au anaweka oda.